Majirani wa Shamba Moja: Namna Mimea Inavyogawana Chakula Kidogo cha Udongo

 

Swali ninaloulizwa kuliko yote ninapopita vijijini ni hili: "Bwana shamba, shamba langu limechoka. Nihamie wapi?" Zamani jibu lilikuwa jepesi. Wazee wetu wa Unyamwezi walilima kipande miaka michache, wakakiacha kipumzike, wakafungua kingine. Kwa kilimo hicho walilisha hata wageni. Mwaka 1857, Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na maelfu ya wapagazi, na wapagazi hao walikula nafaka iliyonunuliwa mashambani kando ya njia. Hapakuwa na mfuko hata mmoja wa mbolea ya dukani. Kulikuwa na ardhi.

Leo pori linaloonekana bado ni jingi, lakini sehemu kubwa ni hifadhi ya misitu, au ni ya kijiji kingine, au limekwisha kukatwa kwa ajili ya kukausha tumbaku. Basi jibu la "hamia kule" halipo tena kwa wengi wetu. Tubaki hapohapo. Na tukibaki hapohapo lazima tujue ni mimea gani inaweza kuishi pamoja katika udongo maskini bila kuuana kwa njaa, na ni ipi haiwezi. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo.

Kwanza tuujue udongo wenyewe. Udongo wa sehemu kubwa ya Tabora ni wa kichanga. Ni mwepesi kulima, jembe halilalamiki, lakini hauna mboji ya kutosha, na vyakula viwili vinavyohitajiwa sana na mimea vimo kwa uchache: naitrojeni, inayoleta ukijani na ukuaji wa majani, na fosforasi, inayojenga mizizi na mbegu. Tena kwa kuwa ni mchanga, maji ya mvua hupita haraka kwenda chini na kuibeba naitrojeni pamoja nayo. Mkulima anatia mbolea leo, mvua kubwa inanyesha kesho, na sehemu ya fedha yake imekwisha kushuka mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki.

Sasa hebu toka shambani uingie porini, hatua mia moja tu. Udongo ni uleule. Hapo umesimama mtundu, muba, mninga, mkola, vichaka vya kila namna, nyasi chini yake, na mvua zikianza uyoga unatokeza. Hakuna aliyetia mbolea tangu dunia iumbwe. Mimea ni mingi, na haifanani. Kwa nini basi mmoja wao haukuwamaliza wenzake wote, ukabaki peke yake kama shamba la mahindi?

Jibu ni kwamba majirani hao hawali sahani moja, wala hawali saa moja.

Wale waliosoma habari za misafara watakumbuka nyika iliyokuwa kati ya Ugogo na Unyanyembe, iliyoitwa Mgunda Mkali. Nanyi mnajua mgunda ni shamba. Shamba kali! Maji yalikuwa haba, na misafara ikapita kwa taabu. Hebu fikiri: misafara miwili mikubwa ikifika kwenye kisima kimoja kidogo saa ileile, kila mmoja na kata yake, ni ugomvi na kiu. Lakini mmoja ukitangulia alfajiri, mwingine ukija jioni maji yakiwa yamejikusanya tena, na wa tatu ukajichimbia shimo refu zaidi mchangani mbali kidogo, yale maji machache yatawavusha wote. Maji hayakuongezeka. Kilichobadilika ni saa na kina.

Mimea ya porini imepanga hivyo hivyo. Angalia mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza halijaanguka. Miombo inachipua majani mapya mekundu, pori linang'aa kama limechomwa na moto. Nyasi bado ni kavu. Miti imepata wapi maji? Imeyachota chini, mahali ambapo mizizi ya nyasi haifiki. Halafu mvua zikianza, nyasi nazo zinafumuka na kukamata unyevu na chakula cha juu juu. Miti ilitangulia, nyasi zikafuata.

Liko na jambo la tatu, nalo halionekani kwa macho. Mtundu na muba ni jamii ya mikunde kwa ukoo wake, lakini mizizi yake haina vile vinundu vinavyotega naitrojeni kutoka hewani. Yenyewe imefunga mkataba na kuvu. Ule uyoga mnaouchuma porini na kuuza kando ya barabara mvua zikianza, sehemu kubwa ni tunda tu la kuvu hao. Mwili wao uko chini, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizojishikiza kwenye mizizi ya miti na kutambaa mbali kutafuta fosforasi na naitrojeni ndani ya majani yaliyooza. Kuvu anauletea mti chakula, mti unampa kuvu sukari. Ndiyo maana ukikata miombo yote, uyoga ule nao huuoni tena. Na mninga? Mninga ni wa ukoo wa mikunde vilevile, lakini wenyewe unaweza kuota vinundu mizizini na kupata naitrojeni ya hewani. Basi majirani wawili, mtundu na mninga, wanasimama bega kwa bega, na kila mmoja ana mlango wake wa jikoni.

Msidhani haya ni ya Tabora tu. Wataalamu wameyapima hata katika nchi ya baridi kali, kaskazini ya Alaska huko Marekani, karibu na ziwa Toolik. Huko ardhi ya chini imeganda barafu mwaka mzima. Wakati wa kiangazi chao kifupi inayeyuka sehemu ya juu tu, na mimea yote, nyasi na vichaka vifupi visivyofika magotini, inagombea naitrojeni kidogo sana iliyomo katika tabaka hilo. Mtu angesema lazima mmoja atashinda na wengine watakufa. Wataalamu walitia naitrojeni yenye alama, ili waitambue itakapoingia katika mmea: nyingine waliitia juu, nyingine chini zaidi, nyingine mwanzo wa msimu, nyingine mwishoni, na waliitia kwa aina tatu tofauti. Matokeo waliyachapisha mwaka 2002. Mimea mitano waliyoipima ilikuwa imegawana: huu unakula zaidi mapema, ule unakula baadaye, huu juu, ule chini, huu unapenda aina hii ya naitrojeni, ule aina ile. Na mmea uliostawi kuliko wote ulikuwa ule ulioweza kutumia zaidi ile aina iliyokuwapo kwa wingi.

Kina, wakati, na aina ya chakula. Mkiyashika maneno hayo matatu mnaweza kuupima mchanganyiko wowote wa mazao kabla hamjapoteza mbegu.

Tuanze na mchanganyiko mbaya. Nimeona mashamba ya mahindi yaliyochanganywa na mtama, mbegu zimemwagwa pamoja. Mkulima anasema amechanganya mazao kama alivyoshauriwa. Lakini mahindi na mtama ni ndugu wa tumbo moja. Mizizi yao iko kina kinachokaribiana, yanahitaji naitrojeni katika wiki zilezile, na wala hakuna hata mmoja anayetega naitrojeni ya hewani. Hiyo ni misafara miwili kwenye kisima kimoja saa moja. Sisemi ni upumbavu. Kule Igunga na Nzega, mvua zinakokatika katikati, mzee anayechanganya hivyo anajua kwamba mahindi yakifa kwa jua mtama utabaki, na huo ni ulinzi wa njaa ninaouheshimu. Ila asitegemee kwamba mchanganyiko huo utaupunguzia udongo mzigo. Kama nafasi ipo, ni heri mtama uwe na kipande chake.

Tuje kwenye mahindi na mikunde: karanga, kunde, njugu mawe, choroko. Hapa ndipo maafisa kilimo tumezoea kusema kwa mkato, "panda kunde, zitayalisha mahindi." Nataka nilinyooshe hilo. Mkunde una vinundu mizizini, na ndani ya vinundu mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, lakini mahindi hayana uwezo wa kuitumia hata chembe. Mkunde unaitega na kuila wenyewe. Katika msimu uleule, kiasi kinachovuja kutoka kwenye mizizi ya kunde kwenda kwa muhindi ulio karibu ni kidogo sana. Faida ya msimu huo ni nyingine: mkunde, kwa kujitafutia hewani, haugombanii sana ile naitrojeni ya udongoni, basi inabaki kwa mahindi. Faida kubwa ya kulishana huja mwaka unaofuata, wakati majani na mizizi ya mkunde imeoza.

Na hapo ndipo wengi tunaharibu. Karanga zinang'olewa na mashina yake yote, zinabebwa nyumbani, zinachambuliwa uani, majani yanapewa mbuzi au yanachomwa moto. Ile naitrojeni iliyotegwa miezi minne imehama na mkokoteni! Ukichambua karanga zako, rudisha mashina shambani. Kama mbuzi lazima wale, basi samadi yao ndiyo irudi. Ukichoma, naitrojeni inapanda na moshi, na shamba linabaki na majivu tu.

Kung'amua kama vinundu vinafanya kazi si jambo la maabara. Kunde au karanga zikianza kutoa maua, chimbua shina moja taratibu kwa jembe, usiling'oe kwa nguvu maana vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama damu ya maji, bakteria wapo kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Mara nyingi kinachowakwamisha ni njaa ya fosforasi. Mkunde hauwezi kutega naitrojeni vizuri bila fosforasi, na hiyo haipatikani hewani. Samadi husaidia, na hapa nchini tunayo mbolea ya fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, ambayo hufaa hasa katika udongo wenye uchachu.

Namna ya kupanga mistari nayo ina maana, kwa sababu majirani hawagombei chakula cha chini tu, wanagombea na jua. Karanga iliyozibwa na mahindi pande zote huota majani marefu na maganda matupu. Wenzetu wa Bungoma, magharibi ya Kenya, walianza miaka ya 2000 kutumia upandaji walioupa jina la MBILI. Badala ya kupanda kila mstari wa mahindi kwa sentimita 75, wanapanda mistari miwili ya mahindi iliyoachana sentimita 50, kisha wanaacha nafasi ya mita 1, na ndani ya nafasi hiyo wanapanda mistari miwili ya mikunde iliyoachana sentimita 33 hivi. Piga hesabu mwenyewe: 50 na 100 ni 150, gawa kwa mbili ni 75. Mahindi hayakupungua hata shina moja, ila mikunde imepata mlango wa jua. Jambo zuri limefanyika bila gharama ya senti.

Kwa wale wanaolima matuta, na sisi huku matuta ndiyo kilimo chetu, hesabu hiyo haitaingia sawasawa. Ninalopendekeza ni kupanda matuta mawili ya mahindi, mawili ya karanga, hivyo hivyo hadi mwisho wa shamba, na mwaka unaofuata unabadilisha: mahindi yanakwenda kwenye matuta yaliyokuwa ya karanga. Kunde zenyewe huvumilia kivuli kidogo kuliko karanga, unaweza kuzitia ubavuni mwa tuta la mahindi, lakini uzipande wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota, hasa zile zinazotambaa, zisije zikayapanda mahindi mgongoni.

Sasa nakuja kwa jirani ninayempenda kuliko wote. Mbaazi. Huku kwetu mbaazi ni zao la pembeni ya nyumba, miche mitano sita ya mama wa nyumbani. Lakini nendeni Babati, nendeni Kilimanjaro na Arusha, mtaona mbaazi na mahindi shamba zima. Mbaazi ina tabia tatu zote nilizozitaja. Kwa wakati, inaota polepole mno. Mahindi yanapokula kwa pupa, mbaazi bado ni mche mdogo usiomsumbua mtu. Mahindi yakivunwa, ndipo inapofumuka na kuendelea na unyevu uliobaki, hata miezi ambayo shamba lingekuwa tupu. Kwa kina, mzizi wake mkuu unashuka hata mita 2, wakati sehemu kubwa ya mizizi ya mahindi iko katika sentimita 30 za juu. Ile naitrojeni iliyozama na mvua, mbaazi inaipata huko chini na kuipandisha. Majani yake yanapopukutika, chakula kilichokuwa shimoni kinarudi juu ya shamba.

Na kwa aina ya chakula, hapa pana ajabu. Mwaka 1990 wataalamu wa utafiti wa mazao ya nchi kame, kituo chao kiko karibu na Hyderabad nchini India, walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoweza kufungua fosforasi iliyofungwa pamoja na chuma ndani ya udongo. Mimea mingi haiwezi kuila fosforasi hiyo. Ipo, lakini ni kama nafaka iliyofungiwa ghalani na ufunguo umepotea. Mbaazi ina ufunguo wake. Kwa hiyo inakula pale ambapo mahindi hayagusi, na majani yake yakioza sehemu ya fosforasi hiyo inaachwa kwa zao litakalofuata.

Habari hii ya naitrojeni iliyozama si maneno ya kukisia. Magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1990, wataalamu walichimba chini ya mashamba ya mahindi wakakuta naitrojeni nyingi imelala kati ya nusu mita na mita 2, mahali mahindi hayaifikii. Walipopanda mti wa sesbania, mizizi yake ikaifuata hukohuko na kuichota. Nanyi wa Tabora mnaweza kujionea. Baada ya mavuno chimba shimo kando ya shina la muhindi, urefu wa kiuno. Tazama mizizi inakoma wapi. Halafu chimba kando ya mbaazi. Ukishaona kwa macho yako hutahitaji bwana shamba kukueleza.

Na kwa nini naitrojeni huzama zaidi mwanzoni mwa mvua? Mtaalamu mmoja, Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, aliandika mwaka 1958 kwamba udongo uliokaushwa sana na jua, unapolowa kwa mara ya kwanza, viumbe vidogo vilivyomo huamka kwa kishindo na kuivunja mboji, na naitrojeni nyingi hutoka kwa siku chache. Ni karamu ya mara moja kwa mwaka. Asiyekuwapo wakati wa karamu, chakula kinaisha au kinashuka. Ndiyo sababu mahindi yaliyopandwa na mvua za kwanza za kweli, mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba kwa sehemu nyingi za mkoa wetu, huwa ya kijani iliyokolea, na yale ya jirani aliyechelewa wiki tatu huwa ya manjano ingawa udongo ni mmoja. Magugu nayo yanaijua karamu hiyo kuliko sisi. Palizi ya kwanza ikichelewa, waliokula ni magugu.

Gugu moja nitalitaja kwa jina, kiduha. Huyo si mshiriki, ni mwizi. Hatafuti chakula udongoni, anajiunga na mzizi wa muhindi au mtama na kunyonya humo humo, na unapoona ua lake tayari amekwisha kula. Anapenda udongo uliochoka. Lakini ana udhaifu: mbegu yake huamka inaponusa mzizi ulio karibu, na mizizi ya kunde na karanga inaweza kumwamsha bila yeye kuweza kujishikiza vizuri, akafa njaa. Ndiyo faida nyingine ya kubadilisha yale matuta. Kiduha kinachoonekana king'oe kabla hakijatoa mbegu, maana mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa ardhini miaka mingi.

Wenye mihogo msijione mmesahauliwa. Muhogo huchukua miezi mitatu hivi kabla haujafunika ardhi. Katika miezi hiyo nafasi iliyo kati ya mistari ni mali yenu, tieni kunde, choroko au karanga mvune mapema. Muhogo nao unategemea sana wale kuvu wa mizizini, ingawa si wa jamii ile inayotoa uyoga wa porini, ndiyo maana unastawi kidogo hata mahali ambapo mahindi yamekataa. Watu husema muhogo hauhitaji rutuba. Si kweli. Unajua kutafuta tu, na ukiulima miaka mitano mfululizo pale pale utakuwa umekikomba chungu mpaka ukoko.

Sasa tumbaku. Wengi wenu ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, sitawaambia muiache. Tumbaku hulimwa peke yake, na sababu ipo: naitrojeni ikizidi au ikichelewa kwisha, jani halikomai vizuri na daraja linashuka. Kwa sababu hiyo hiyo msiitangulize karanga au kunde mwaka unaotangulia tumbaku kwenye kipande kile kile. Badala yake mahindi yaifuate tumbaku, yale mabaki ya mbolea ya 10:18:24 iliyotiwa kwenye tumbaku, halafu mikunde iyafuate mahindi. Hapo mimea haigawani chakula kwa mistari, inagawana kwa miaka.

Na kuni za kukaushia je? Kituo cha utafiti cha Tumbi, hapo nje kidogo ya Tabora mjini, kilijaribu kwa miaka mingi pamoja na wataalamu wa kilimo mseto upandaji wa akasia kutoka Australia ndani ya mashamba ya mahindi. Miaka miwili ya kwanza miti ni midogo, mahindi yanapandwa katikati na kupaliliwa, na palizi hiyo hiyo inaisaidia miti. Kuanzia mwaka wa tatu mizizi na kivuli vya miti vinashinda, basi mahindi yanaondoka na miti inaachwa. Ikifika mwaka wa tano hivi inakatwa, kuni zinakwenda kwenye bani, na mahindi yanarudi juu ya visiki. Mkiutazama mpango huo mtaona ni habari ya wakati tena: waachwe pamoja wakiwa hawagombani, watenganishwe siku wanapoanza kugombana. Mkaratusi msinitajie. Mkaratusi kwenye mpaka wa shamba unakunywa na kula upande wako na wa jirani bila kuuliza.

Nimesema mengi juu ya kugawana. Lazima niseme na hili, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Kugawana hakuongezi. Porini jani linaanguka pale pale lilipoota, pori halipeleki gunia sokoni. Sisi tunapeleka. Gunia moja la mahindi la kilo 100 linaondoka na takriban kilo 1 na nusu ya naitrojeni ya shamba lako. Magunia 15 ni kilo 22 na nusu. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Basi kila mwaka unapouza magunia 15, umeuza na mfuko mzima wa urea ndani yake, uwe uliununua au hukununua. Mikunde italipa sehemu ya deni hilo kama utairudisha shambani. Samadi italipa nyingine. Kwa fosforasi hakuna mkunde wowote utakaoitoa hewani, mbaazi itafungua ile iliyofungwa kisha nayo itapungua. Mbolea kidogo ya dukani, ikitiwa kwenye shimo la mbegu badala ya kumwagwa, bado inahitajika. Ninachodai ni kwamba mchanganyiko mzuri unafanya kila kilo ya mbolea hiyo iliwe na mtu, isizame.

Kabla sijamaliza, liko tatizo la mbaazi ambalo wakulima wa Nzega walinieleza na nikaona wana haki. Mbaazi hukomaa wakati mashamba mengine yamekwisha kuvunwa, na desturi yetu ni kwamba baada ya mavuno ng'ombe wanaachiwa kula mabua popote. Mkulima mmoja akipanda mbaazi peke yake katikati ya wasiopanda, amelima malisho. Ua la miiba husaidia shamba dogo karibu na nyumba. Kwa shamba kubwa hakuna dawa nyingine ila kukubaliana. Lileteni jambo hili katika mkutano wa kijiji sasa, kabla ya mvua, wafugaji wakiwapo. Chagueni upande mmoja wa kijiji ambako ng'ombe hawataingia mpaka mbaazi zivunwe, na upande mwingine ubaki wazi kwa mabua. Yaandikwe katika sheria ndogo za kijiji, na mtendaji asaini. Baada ya mavuno ya mbaazi, ng'ombe wataingia na huko, watakula majani yaliyobaki, na wataacha samadi.

Wenye kutaka mbegu za mbaazi waonane na afisa ugani wa kata yao mapema, maana zikiulizwa Desemba huwa zimekwisha. Chagueni zile za muda wa kati kama mvua zenu hukatika mapema. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuhifadhi karanga zisipate kuvu wenye sumu. Kwaherini.